Nimempandisha bimkubwa Table Mountain kwa kebo, mtu aliyekaa chini ya Kilimanjaro miaka yote bila kupanda (uzi mrefu)

Mtoto wa Kihamba:

Wakuu habari za humu ndani. Kuna watu niliwaahidi kwenye ule uzi wa safari za Bondeni (Afrika Kusini) kwamba nikitulia nitaandika, leo nimetulia na chai ipo, bas naandika yote kwa mpigo mnivumilie.

Kwanza mjue bimkubwa ni mtu wa namna gani. Mama kazaliwa Marangu juu kabisa, kaolewa kijiji cha tatu kutoka kwao, kalima kahawa na migomba kwenye kihamba hicho hicho mpaka sasa ana miaka 68. Kila asubuhi akifungua mlango wa jikoni anaangalia juu, kama Kibo, kile kilele kikubwa cha Kilimanjaro, inaonekana anasema "leo mlima umefunguka" ndio anawasha moto. Yaani huo ndio utabiri wake wa hali ya hewa, saa yake na kila kitu. Ila yeye mwenyewe huko juu hajawahi kufika. Enzi za usichana alikuwa anaishia hafumaili, ule ukanda wa msitu uliopakana na vijiji, kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni, zaidi ya hapo msitu ulikuwa wa wazungu na wapagazi. Baadaye watoto, baadaye magoti. Sasa hivi akitembea kutoka nyumbani mpaka barabarani anapumzika mara mbili.

Na kaka yangu mkubwa ni mgumu, anabeba mizigo ya wageni mlimani mwaka wa 19 huu. Kwa hiyo mama anaujua mlima kwa kusimuliwa tu, Mandara, Horombo, Kibo, yaani vituo wanavyolala wapandaji, anavitaja kama vituo vya daladala na hajawahi kuviona.

Mwaka huu mdogo wetu wa mwisho alikuwa anahitimu chuo Cape Town. Tukachanga, mama akapata paspoti, tukaruka Dar hadi Joburg halafu masaa mawili mengine mpaka Cape Town. Sisi Watanzania Sauzi hatuhitaji viza kwa matembezi hadi siku 90 kwa mwaka kwa hiyo hapo hakukuwa na shida. Ndege ilipokuwa inazunguka kutua mama ndio kaiona Table Mountain dirishani, akanishika mkono akaniuliza "ule nao ni mlima au ni ukuta?" Kweli aisee, ukiuona mara ya kwanza ni kama mtu kachukua panga akakata kichwa cha mlima chote kikabaki bapa. Nikamwambia ndio mlima wao huo na kuna gari la waya linapandisha watu mpaka juu. Akanyamaza. Jioni tunakula akauliza tena, "hilo gari hata mtu wa magoti anapanda?"

Hapo mi nikajua safari hii ina kazi moja tu.

Dada wa Tabata:

Nimekaa hapa mkuu. Endelea usitukate kama yule jamaa wa uzi wa Zambia mpaka leo hajarudi 🙏

Mtoto wa Kihamba:

Siendi popote dada.

Sasa tulivyoanza tulianza vibaya, na hapa ndio nataka watu wawe makini. Nilitafuta mtandaoni kampuni ya kutembeza watu siku moja, sitaitaja, na sisemi ni ya nchi gani. Pakeji ilisema kuchukuliwa mlangoni, mwongozaji, mji na Table Mountain. Nikalipia watu wawili kabla. Asubuhi saa mbili kibasi kikaja, tupo nane humo, mama kavaa kitenge chake kipya na sweta la kijani, kajiandaa tangu saa kumi alfajiri. Tumetembea kama dakika kumi dereva anasema kwa kuokoteza tu kwamba leo kebo haitembei, upepo. Nikamwambia sawa upepo ni wa Mungu, tunafanyaje? Akasema tutawazungusha mjini na fukweni. Nikauliza hela ya kebo mnarudisha? Akacheka, akasema tiketi ya kebo haikuwemo kwenye bei, mlikuwa mnalipa wenyewe mkifika. Narudi kuangalia ile pakeji kwenye simu, imeandikwa Table Mountain kwa herufi kubwa, chini kabisa kwa vidogo vidogo "kiingilio hakijajumuishwa". Ndio hivyo, tulilipa pesa ya kwenda kuuangalia mlima kutokea chini, kitu ambacho mama amefanya bure maisha yake yote.

Siku nzima mama hakulalamika hata neno. Alikaa dirishani anaangalia juu. Na siku hiyo mlima ulikuwa umefunikwa na lile wingu lao, wenyewe wanaliita kitambaa cha meza. Kwa kweli ni kitambaa! Linamwagika kwenye ukingo kama maziwa yanafurika sufuria halafu halifiki chini, linaishia hewani. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba upepo wa kusini mashariki unatoka baharini upande wa nyuma na unyevu wake, unapandishwa na mlima unapoa unakuwa wingu, ukimwagikia upande wa mjini hewa inashuka inapata joto wingu linayeyuka. Upepo wenyewe wanauita Daktari wa Cape maana unasafisha hewa ya mji. Unavuma sana majira yao ya joto, na sisi tulienda mwezi wa tatu mwishoni bado ulikuwepo.

Kwa hiyo usipange mlima siku yako ya mwisho. Weka siku mbili tatu za akiba. Na asubuhi kabla hujatoka ingia kwenye tovuti ya kebo yenyewe, wanaweka kama ipo wazi au imefungwa, utaokoa nauli na moyo.

Kijana wa Nyeri:

Sasa hapo umenena ndugu. Mimi nilienda 2023 baada ya hiyo mambo ya viza kuondolewa kwa Wakenya, nikakaa siku nne, siku tatu zote imefungwa, ya nne ndiyo flaiti yangu. Nimerudi Nairobi na picha za mawingu peke yake. Uchungu mpaka leo.

Mtoto wa Kihamba:

Pole sana kaka, hiyo inauma.

Sisi mdogo wangu ndio aliokoa. Mama mwenye nyumba alipopanga anamjua mzee mmoja ana leseni ya kuongoza watalii, anafanya kazi peke yake na gari yake ndogo. Nilipompigia alichoniuliza kwanza ni "mama anaweza kusimama muda gani?" Swali hilo kampuni ya jana halikuwahi kuwapita kichwani. Akasema tusinunue chochote usiku, tusubiri asubuhi aangalie upepo, kukiwa shwari ananunua tiketi kwenye simu saa hiyo hiyo. Tiketi ya mtandaoni yetu ilikuwa inafaa siku saba kwa hiyo hata upepo ungegeuka tungerudi. Na kuna tiketi ya asubuhi na ya kuanzia saa saba mchana, ya mchana nafuu. Bei sizitaji maana zinabadilika, mtu atakuja kuniambia muongo.

Siku ya tatu saa kumi na mbili asubuhi simu. Mzee anasema "mlima safi, nakuja".

Nilivyomtafsiria mama akasema "umefunguka?" Nikasema umefunguka.

Kituo cha chini kipo barabara ya Tafelberg, si chini chini, ni mita 300 na kitu kutoka usawa wa bahari. Tulipofika tu pale kwenye maegesho nikamwita mama kwa Kiswahili aangalie ngazi, jamaa mmoja mlinzi wa magari kavaa kizibao cha njano akageuka kama kaitwa jina. "Mama! Batu ya Tanzania?" Mkongomani huyo, mtu wa Bukavu. Akaja mbio akamshika mama mkono upande wa pili mpaka kwenye lango, njia nzima wanaongea, yeye na Kiswahili chake cha Kivu mama na chake cha Kichaga, na wanaelewana. Foleni ilishakuwa ndefu, ila mwongozaji akaenda kuongea na wahudumu na mama akapitishwa upande wa wazee na viti vya magurudumu. Kama una mzee usione aibu kuuliza, njia hiyo ipo.

Sasa gari lenyewe. Wengi tunadhani ni vile vibehewa vidogo vya watu wanne. Hapana, ni kama chumba cha duara, linabeba watu 65 mara moja. Kebo ipo pale tangu Oktoba 1929, aliyeichora alikuwa injinia wa Norwei, Trygve Strømsøe, ila haya magari ya sasa ni ya 1997 na sakafu yake inazunguka. Unasimama sehemu moja unazungushwa duara zima, mji, bahari, jabali, mji. Hakuna haja ya kugombania dirisha, zamu yako inakuja yenyewe. Ila ukuta na vyuma vyake havizunguki! Mwongozaji alituambia mapema msishike pembeni mtavutwa, akamweka mama katikati.

Nguzo hakuna hata moja katikati. Kamba zinatoka chini zinaenda juu moja kwa moja kama mita 1,200. Magari ni mawili, moja likipanda jingine linashuka, yanavutana kama ndoo mbili za kisimani, na mkifika nusu ya njia mnapishana. Na chini ya sakafu kuna matangi ya maji, lita 4,000, yanafanya gari liwe zito upepo usiliyumbishe, halafu hayo hayo maji ndio yanatumika huko juu maana juu hakuna bomba. Mi nilipenda sana hiyo, kwamba tunapanda na maji ya chai yetu.

Mlango ukafungwa, likang'oka. Hakuna kelele, ndio linatisha zaidi. Mama alinishika mkono mmoja, mwingine kashika kitenge kifuani. Kwa dakika ya kwanza alikuwa kafumba macho anasali, namsikia, Kichaga. Gari la kushuka lilipopita pembeni yetu watu wa kule wakapunga mikono na watoto wakapiga kelele, akafungua macho, na wakati huo huo sakafu ikamgeuza akatazamana na jabali, yaani jiwe liko karibu unaona mpaka majani yameota kwenye nyufa. Akasema taratibu "maua". Hakufumba tena.

Safari nzima dakika kama tano.

Wagumu wa Machame:

Dah. Mi napiga mlima mwaka wa kumi na mbili na nimesoma hapa macho yamelowa. Bimkubwa wangu naye wa Machame hajawahi kupita geti.

Mama Wawili Mwanza:

Swali mkuu, juu hapo mtu wa presha anapata shida? Mama yangu ana presha na nilitaka kumpeleka mwakani.

Mtoto wa Kihamba:

@Mama Wawili Mwanza sikiliza hii, nilicheka na mama siku nzima. Kituo cha juu kipo mita 1,067. Nyumbani kwetu Marangu juu ni 1,600 na kitu! Geti la Marangu lenyewe ni karibu 1,870. Nilipomwambia mama akasimama akafikiria, akasema "kumbe tumeshuka kutoka nyumbani ndio tukaja kupanda mlima". Kwa hiyo hewa haikatiki pale, na Mwanza yenu pia ipo juu ya mita 1,100. Ila pamoja na hayo muulize daktari wake kabla, maana safari yenyewe, ndege, kuamka usiku na baridi vinachosha, na mi si mtu wa afya.

Tofauti ni kwamba nyumbani unapanda polepole kuanzia Himo huoni kama umepanda. Pale unasimama ukingoni, bahari ipo chini ya miguu yako. Hiyo ndio inampa mtu kizunguzungu, macho.

Juu sasa. Ni pabapa kweli, njia zimewekwa vizuri hata kiti cha magurudumu kinapita. Kuna mzunguko wa robo saa, wa nusu saa na wa dakika 45. Kuna waongozaji wa pale pale wanatembeza watu bure kila baada ya saa moja, wengi hawajui hilo wanapita tu kupiga picha. Sisi tulichukua wa robo saa na tuliutumia saa nzima na zaidi. Kila penye benchi au jiwe la kukaa mzee wetu anasimama anaanza hadithi, nilidhani anapenda kuongea, baadaye nikagundua anampumzisha mama bila kumwambia anampumzisha. Huyo ndio mwongozaji wakuu.

Hadithi moja alisimulia ya lile wingu, kwamba kulikuwa na baharia mstaafu wa Kidachi anaitwa Van Hunks alishindana kuvuta kiko na shetani huko mlimani, moshi wao ndio kitambaa cha meza. Mama kwa heshima zote akasema kwao mlimani pana hadithi ya Kibo na mwenzake Mawenzi, vile vilele viwili, Mawenzi alikuwa anazimisha moto makusudi anaenda kwa Kibo kuomba mwingine, kila akienda anapewa na ndizi, akazidisha, Kibo akachoka akampiga na mchi ndio maana kabaki na kichwa kilichochanika. Nilitafsiri mpaka jasho. Mzee aliandika kwenye kidaftari.

Halafu wakatokea pimbi. Wale wanyama kama panya buku mnene asiye na mkia, wapo kibao juu ya mawe wanaota jua, hawamuogopi mtu. Mwongozaji akaeleza kwamba ndugu yake wa karibu mnyama huyu ni tembo, na watu huwa hawaamini. Mama hakusikiliza ya tembo. Alimkazia mmoja macho, wa mbele, alikuwa amelala kifudifudi mdomo wazi kidogo meno mawili yanaonekana. Akaniambia "huyu ni perere asiyepiga kelele".

Kwa msiotoka mlimani, perere ni huyu huyu ila wa miti. Usiku kule juu analia kwa sauti inakwaruza kama mlango wenye kutu, kelele inapanda inapanda, mgeni anaweza kuhama kitanda. Mama kamsikia maisha yake yote na hajawahi kumuona akiwa hai. Alichowahi kuona ni ngozi zake. Babu yake alikuwa na vazi la ngozi za perere zilizoshonwa pamoja, wazee wa Kichaga walikuwa wanavaa baridi, na yeye akiwa mtoto alilala chini ya hilo vazi. Akainama kadri magoti yalivyoruhusu, akabaki anaangalia manyoya. Alitaka kumpa kipande cha mkate mwongozaji akamzuia kwa upole, hawaruhusu, wanaugua. Akarudisha mkate kwenye mkoba. "Basi mwambie nimemuona."

Nimwambie nani sikujua. Nilimtafsiria yule mzee naye akasema sawa mama.

Kivu Kapstadi:

Jambo benzangu. Miye niko mtu ya Bukavu, naishi apa Cape Town tangu 2011. Uyo ndugu wa parking pengine namujua, tuko benyi pale. Nafurahi umeandika bile alifanya, juu kila siku batu banapita banatuona sawa mawe. Mama akirudia aseme tu, tutamubeba.

Mtoto wa Kihamba:

@Kivu Kapstadi asante sana ndugu yangu, mfikishie salamu. Mama alitaka kumuachia hela akakataa kabisa, akasema "mama yangu pia iko Bukavu, miaka minane siyamuona". Mama anamtaja kwenye sala mpaka leo.

Namalizia la juu. Upande wa kaskazini ukikaa kwenye ukuta wa mawe unaona kisiwa baharini, bapa, kama sahani imeelea. Robben Island. Mwongozaji akasema Mandela alikaa pale miaka 18 kati ya ile 27 ya kifungo, na kwamba wafungwa walikuwa wanauona mlima huu kila siku kutokea kule. Nikatafsiri. Mama akakaa kimya muda mrefu halafu akasema shuleni kwao enzi za Mwalimu walikuwa wanaimba nyimbo za ukombozi, na kwamba mjomba wetu alikuwa fundi uashi Mazimbu kule Morogoro, alijenga ile shule ya wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Sauzi. Hata mimi nilikuwa sijui! Miaka yote mjomba alikuwa anasema tu "nilifanya kazi Morogoro". Mwongozaji akamwomba mama arudie hilo jina. Mazimbu. Akasema mtaani kwao kuna mtu alisoma hapo. Wakapeana mikono upya, kama ndio wanakutana.

Saa sita na nusu king'ora kikalia, upepo umeanza kuamka, na king'ora kikilia ni kurudi kituoni wote bila mjadala maana wakifunga utashuka kwa miguu korongo la Platteklip, na hilo ni ngazi za mawe masaa mawili au zaidi, kwa magoti ya mama isingewezekana. Tukashuka. Safari hii hakushika mtu.

Wagumu wa Machame:

Mkuu nimefurahi sana lakini naomba niulize kitu kwa moyo safi. 2019 serikali iliposema inafikiria kuweka kebo Kilimanjaro sisi wagumu na waongozaji tulipiga kelele mpaka tukakauka koo. Mgeni mmoja anapanda na watu watatu wanne, siku sita saba, kila mtu analisha nyumba yake hapo. Kebo ikija mgeni anapanda asubuhi anashuka mchana, analipa tiketi anaenda zake. Wewe kwa uzi huu si ndio unawapa hoja?

Bwana Mipango:

Acheni woga, dunia nzima wana kebo na wapandaji bado wapo. Hiyo Table Mountain yenyewe watu wanapanda kwa miguu kila siku.

Wagumu wa Machame:

@Bwana Mipango kule hawalali njiani siku sita. Mlima wa saa mbili huwezi kulinganisha na wa wiki. Na huku kwetu mtu akipandishwa haraka mpaka mita 3,700 bila kuzoea anaumwa kichwa anatapika, mlima unamkataa. Pale Cape Town ni mita elfu moja, hakuna anayekataliwa.

Mtoto wa Kihamba:

@Wagumu swali lako ni la haki na nimeliogopa tangu nilipoanza kuandika. Ada yangu ya kidato cha tano na sita ililipwa na mgongo wa kaka yangu, kilo 20 kichwani kutoka geti mpaka Kibo, sijasahau na sitasahau. Tuliporudi nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwangalia mama anavyoongea mikono yote miwili inaonyesha gari linavyopishana, akacheka naye. Halafu nje, tukiwa wawili, akaniambia "kebo sitaki, na nataka mama afike juu". Ndio hapo nilipo na mimi. Sina jibu la kukupa zaidi ya hilo, siungi mkono kebo Kilimanjaro. Lakini pia nakataa kwamba watu waliozaliwa chini ya mlima, waliokata majani hafumaili, waliozaa hao wagumu wenyewe, wafe bila kufika juu ya msitu kwa sababu tu ya magoti. Hilo linaniuma kweli.

Mzee wa Londorossi:

Kijana nimekaa kimya muda mrefu, mimi ni mwongozaji upande wa magharibi. Mbona mnagombana na njia ipo? Kuna barabara ya gari kutoka geti la Londorossi mpaka uwanda wa Shira, karibu mita 3,500. Watu wanapelekwa kwa siku moja, asubuhi kupanda na jioni kushuka, kwa gari lenye nguvu na mwongozaji aliyesajiliwa, ada za hifadhi mnalipa kama kawaida. Mzee hatembei zaidi ya anavyotaka. Kutoka msituni unaingia kwenye miti mifupi, halafu panafunguka uwanda wote na Kibo imekaa mbele yako hakuna kitu katikati.

Masharti yangu ni matatu, nimezeeka na hayo. Apimwe presha na moyo kwanza. Juu msikae muda mrefu, saa moja inatosha, kichwa kikianza kugonga mnashuka hapo hapo bila kubishana. Na mvua ikiwa nyingi hamwendi, ile barabara inateleza. Kutoka Marangu ni mbali, mnazunguka Moshi, Boma Ng'ombe, Sanya Juu, kwa hiyo laleni upande wa huku usiku mmoja.

Wagumu wa Machame:

Hiyo mzee hata mimi naiunga mkono. Na mzigo wa bimkubwa nabeba mimi bure.

Mtoto wa Kihamba:

Mzee shikamoo. Nimesoma hii mara nne. Nilikuwa najua barabara ya Shira ni ya magari ya kuokoa wagonjwa tu, kaka naye hakuwahi kuniambia, nahisi kwake hiyo barabara ni ya siku mbaya.

Nimempigia mama sasa hivi. Nimemsomea ulivyoandika, mpaka pale pa "hakuna kitu katikati". Akauliza kuna baridi kiasi gani, nikasema kali kuliko Cape Town. Akasema basi lile sweta la kijani halitoshi, nimtafutie jaketi mtumbani kabla ya mwezi wa nane, na kaka asipange safari wiki hiyo maana atakaa naye kiti cha nyuma amwonyeshe Horombo ipo upande gani.

Nakuja inbox mzee, nipe siku unazopatikana.